Pipa la Kijani na Bustani ya Wifi Bika

Wifi yangu Bika hakuwa mwendawazimu. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu najua linavyosemwa kwenye matanuri ya mkate na kwenye misiba ya watu, na tangu alipofariki, majira ya baridi yaliyopita, limesemwa hadi masikioni mwa wageni waliokuja kumposa binti yangu. Wanasema alikaa kiangazi kizima chini ya mti wa aprikoti, fimbo mkononi, akifukuza watoto. Wanasema alizika matunda shimoni badala ya kumpa jirani hata moja. Wanasema aliwatia kijicho viwavi wa hariri wa nyumba nzima wakafa, kwa kuwa yeye hakujaliwa kuzaa. Kisha wanashusha sauti na kuongeza kwamba wazimu huo unatembea katika damu, na kwamba Intizor wangu alilelewa na mikono ile ile, kwa hiyo mtu afikirie vizuri kabla ya kuleta posa.

Fimbo ni kweli. Shimo ni kweli. Yaliyobaki ni uongo, na hata hayo mawili yalikuwa na sababu. Nimefundisha jiografia katika shule ya kijiji hiki tangu nilipokuja hapa bi harusi, na nimezoea kusahihisha. Sikupenda kusahihisha jambo la nyumba yangu mbele ya watu, lakini nimelazimishwa.

Bika alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Davlatyor. Aliolewa akiwa kijana, ng'ambo ya mto, akakaa huko hadi wakwe zake walipochoka kusubiri mjukuu, wakamrudisha kwao. Alirudi na furushi la nguo na vipandikizi vya mti wa tini alivyovikata katika ua wa wale wakwe asubuhi ya kuondoka, amevifunga kwa kitambaa kibichi. Mama mkwe wangu alimkumbatia akalia. Bika aliuliza jembe liko wapi.

Ardhi yetu ya Khorezm ina chumvi. Ukiiacha msimu mmoja bila kuiosha, chumvi inapanda juu nyeupe kama unga, na kila ulichopanda kinakauka kuanzia ncha za majani. Kwa hiyo kabla baridi haijaisha unafungulia maji ya mfereji yakafunika bustani nzima, unayaacha yazame na kuishusha chumvi chini, kisha unafungulia tena. Bika aliijua kazi hiyo kama mwanamke anavyojua unga wake unataka maji kiasi gani. Majira ya kupukutika majani aliikunja mitini na mizabibu hadi chini, akaifunika udongo ili jalidi isiiue, na ua wetu ukawa na matuta marefu kama makaburi. Baada ya Navruz, sikukuu yetu ya kuingia majira ya kuchipua, aliyafukua. Hakufuata kalenda. Alifuata mforosadi uliokuwa katikati ya ua. Vichipukizi vyake vikipasuka, ndipo alipochukua koleo.

“Mwalimu,” aliniambia mwaka wangu wa kwanza, nilipomwonyesha tarehe ukutani, “hiyo karatasi haijawahi kuhisi baridi.”

Mwaka uliofuata redio ilitangaza jalidi ya mwisho wakati yeye amekwisha kushika koleo. Nilimzuia, na jalidi ikaja kweli. Tangu hapo alikuwa akiniuliza kwanza, “Redio yako inasemaje?” halafu anakwenda kuuangalia mforosadi wake. Tulielewana hivyo.

Jambo moja lazima lijulikane, kwa kuwa bila hilo hadithi hii haina maana. Bika aliogopa sumu. Kila mwisho wa kiangazi, ndege za shamba la pamoja zilipopita chini chini zikimwagia pamba dawa ya kupukutisha majani, watu walitoka nje kuzitazama. Yeye aliingiza nguo ndani, akafunika kisima, akakusanya vifaranga, akaleta hata mbuzi barazani. Bustani yake hakuitia unga wa dukani kamwe. Wadudu wa mboga aliwamwagia maji ya majivu na ya majani ya tumbaku. Majirani walimcheka. “Bika anawapa wadudu wake sigara,” walisema, na yeye alijibu kwamba wa kwake angalau wanakufa wakiwa na starehe.

Mwanamke huyo ndiye aliyeletewa pipa.

Maji ya mto wetu ni matope, rangi ya chai ya maziwa. Huwezi kuyanywa mpaka yatulie. Nyumba yetu ilikuwa na mtungi mkubwa wa udongo kando ya jiko la nje, wa tangu enzi za babu zao, na matope yaliyobaki chini Bika aliyamwaga kwenye shina la aprikoti na kwenye matuta ya giligilani, maana tope la mto ni mbolea kuliko samadi. Majira yale ya baridi, Intizor akiwa na miaka mitatu, mtungi ulipasuka kwa jalidi. Karibu na Navruz, Davlatyor alirudi na pipa la chuma kwenye tela la trekta yake. Alilichoma ndani kwa majani makavu, akalisugua kwa majivu na mchanga, kisha akalipaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka madirisha. Kwa Navruz kila nyumba hupaka kitu. Lilipendeza.

Bika alilizunguka. “Limetoka wapi?”

“Ghalani. Yako mengi kule, yanaoza tu.”

“Lilikuwa na nini?”

“Mafuta, dada. Nimelichoma. Hata wewe ukichomwa hivyo utatakata.”

“Mimi nilichomwa ng'ambo ya mto,” alisema, “na bado mdomo wangu haujatakata.” Tukacheka wote. Nakumbuka tulivyocheka.

Majani ya mforosadi yalipotoka, shamba likagawa mayai ya viwavi wa hariri nyumba kwa nyumba, kama kila mwaka. Anayelea viwavi anajua maisha yanavyokuwa. Chumba kizuri kuliko vyote kinakuwa chao, wenyewe mnalala jikoni. Hukaangi kitunguu karibu nao, hujipaki manukato, mgeni haruhusiwi kuchungulia. Wanakula usiku na mchana, na wakishakua, sauti ya kula kwao inajaa nyumba kama mvua inayonyesha kwenye majani. Nyumba nyingine hazimruhusu mwanamke asiyezaa kuingia chumba hicho. Nyumbani kwetu Bika ndiye aliyekuwa mwenye chumba, na vifukofuko vyetu vya hariri vilikuwa vikisifiwa kila mwaka.

Viwavi walikuwa karibu kupanda vijiti kusokota, upepo wa chumvi ulipovuma. Huja kutoka kule bahari ilikokauka, unafunika jua, na ukipita kila jani limekaa vumbi jeupe. Viwavi hawali jani la chumvi. Asubuhi yake nilikwenda shuleni nikimwacha Bika akichovya matawi ya mforosadi ndani ya pipa, moja moja, akiyatikisa na kuyatundika kivulini yakauke.

Niliporudi nilifungua mlango wa ua nikasikia kimya.

Sijui namna ya kukieleza kimya kile kwa mtu ambaye hajawahi kulea viwavi. Majuma mazima nyumba ilikuwa na mvua ndani yake, na sasa hapakuwa na kitu. Hata kuku hawakulia. Bika alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba, mikono juu ya magoti.

“Usiingie, wifi.”

“Wamelala?” Maana viwavi hulala wanapojivua ngozi, na nilitaka sana iwe hivyo.

“Njoo basi uone.”

Walikuwa wameinua vichwa, wengine bado wakivitikisa huku na huku taratibu kama watu wanaosema hapana. Midomoni walitoka maji ya kijani. Waliokwisha kufa walikuwa wamesinyaa, wafupi, weusi upande wa tumbo. Nilirudi nyuma nikagonga ukuta.

“Kijicho,” nilisema. Mimi, mwalimu, nilisema hivyo.

“Kijicho gani,” alisema Bika. “Wale wa ungo wa barazani nimewalisha majani niliyokata jana kabla ya upepo. Sikuyaosha. Nenda ukasikilize.”

Nilikwenda. Pale barazani, kwenye ungo ule mmoja, mvua ndogo ilikuwa ikiendelea kunyesha.

Nikageuka kumtazama, naye hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama jiko la nje. Intizor alikuwa amesimama juu ya tofali kando ya pipa la kijani, kata ya kibuyu mikononi, anakunywa. Alikunywa kama watoto wanavyokunywa, uso mzima ndani ya kata.

Bika alikuwa mwanamke mzito, na sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Aliipiga ile kata ikaruka hadi ukutani. Mtoto alilia. Bika alimwingiza vidole kooni, akamtapisha, akamnywesha maziwa, akamtapisha tena. Mimi nilichukua kisu cha mboga nikaanza kukwangua rangi ya pipa. Sikuwa na mawazo, nilikuwa nakwangua tu. Chini ya kijani palikuwa na kutu, na chini ya kutu herufi za Kirusi zilizopigwa mhuri katika chuma, na picha ambayo hata asiyejua kusoma anaielewa: fuvu la mtu na mifupa miwili. Mtaani petu hakuna aliyejua Kirusi kunishinda. Nilisoma neno moja moja. Ilikuwa ile dawa ambayo ndege ziliimwagia pamba.

Hapo tukaanza kukumbuka, na kukumbuka huko kulitutisha kuliko fuvu lenyewe. Udenda uliomlowesha Intizor shingo tangu Navruz, tukasema ni meno ya nyuma. Tumbo la kila jioni, tukasema ni forosadi mbichi. Mikono iliyotetemeka akishika bakuli. Na mboni za macho yake, ambazo hata kivulini zilikuwa ndogo kama mbegu za haradali, na mimi nilizisifu, nikasema mtoto ana macho ya babu yake.

Davlatyor alirudi jua likiwa bado juu. Tulikuwa tumelilaza pipa chini, upande uliokwanguliwa juu. Alilitazama, kisha akamtazama mtoto aliyelala mapajani mwangu, akaketi pale pale kwenye vumbi na kofia yake kichwani.

“Ulisema mafuta,” alisema dada yake.

“Nilisema.”

Akainuka, akaenda kuwasha trekta.

Tulimpeleka mtoto kwa daktari wa wilaya tukasema alikunywa kwenye ndoo ya shambani. Alikuwa mzee mwenye haraka lakini mwema. Alimsafisha tumbo, akampa dawa, akatuambia mboni zake zitatanuka kidogo kidogo, na zikitanuka ni vizuri. Lakini kama ini au mishipa imeguswa, hilo huenda likachelewa kujitokeza. Tumwangalie mwaka mzima. Asipewe tena hata tone la kilichomdhuru.

Njiani Bika alikaa nyuma kwenye tela, amemfunika mtoto kwa shali yake. Tulipofika mfereji wa kwetu alisema, “Tope.”

“Tope gani?”

“Tope la chini ya pipa. Wiki zote hizi nimelimwaga kwenye aprikoti. Na kwenye giligilani. Na kwenye vitunguu.” Aliivuta shali juu zaidi. “Nililigawa kila mahali, wifi. Sikumnyima mmea hata mmoja.”

Kesho yake pipa halikuwepo. Davlatyor alilipeleka jangwani akalikanyaga kwa trekta. Kwa shamba alisema viwavi walikula jani la chumvi. Wakati ule mtu aliyechukua kitu ghalani hakuulizwa mara mbili, alichukuliwa naye, akafungwa. Nyumba yetu ingebaki na wanawake wawili, mtoto mgonjwa, na jina ambalo lingefutwa kwenye kila orodha ya watu wema. Hatukukaa kikao kuamua kunyamaza. Tulinyamaza tu.

Lakini kuna bustani ambayo haikujua kunyamaza. Mwaka ule, kuliko miaka yote, mti wa aprikoti ulizaa mpaka matawi yakahitaji kuegemezwa. Bika aling'oa giligilani, vitunguu na karoti, akaviteketeza. Mboga tulinunua sokoni, jambo ambalo lilikuwa aibu kwa nyumba yenye bustani. Aprikoti haikung'oleka. Iliiva, ikawa ya manjano, ikaanza kuanguka.

Kwetu bakuli la kwanza la tunda lolote huenda kwa majirani kabla mwenye mti hajaonja. Huli, hukaushi, huuzi kabla ya bakuli hilo kutoka. Na mtoto yeyote apitaye chini ya mti wa mtu, lililoanguka ni lake. Rozigul, jirani yetu wa ukuta mmoja, alingoja bakuli lake kwa adabu, halafu bila adabu.

“Bika! Bakuli langu mwaka huu limepotea njia?”

“Halijapotea. Halijatoka.”

“Nazisikia zinaanguka, mwanamke, nikiwa jikoni kwangu. Pu! Pu! Kama vile mtu ananitukana.”

“Ziba masikio.”

“Loo! Unamwekea nani? Una mrithi gani wewe?”

Nilikuwa nakanda unga, nikasimamisha mikono. Bika aliegemea jembe lake. Uso ulikuwa umemwisha rangi, lakini sauti ilitoka kavu tu.

“Mimi mchoyo, Rozigul. Waambie watu. Anza na mdogo wako, yeye ndiye mwenye mdomo mpana.”

Alichimba shimo mbali na mfereji, akalitandika majivu, na kila asubuhi aliokota aprikoti zilizoanguka akazitupa humo akazifunika. Kisha akaketi chini ya mti na fimbo mpaka machweo. Hakuweza kuondoka. Watoto wa Rozigul walikuwa kama wamezaliwa juu ya ukuta ule. Walikuwa wakichuma aprikoti zetu tangu walipojua kutambaa. Majira yale ya kuchipua walikuwa wamekuja kucheza na Intizor na kunywa kwenye pipa letu pia, na Bika alikuwa akiwatazama mmoja mmoja kila wapitapo, akitafuta udenda, akitafuta mboni za macho. Rozigul aliona tu jicho la mwanamke asiye na mtoto likiwafuata watoto wake.

Siku ile inayosimuliwa sana niliishuhudia mwenyewe. Bika alikuwa ameingia kunywa chai. Aliposikia tawi likilia alitoka mbio, akamkuta kitinda mimba wa Rozigul chini ya mti, shavu limevimba kwa aprikoti. Alimshika, akambana taya, akamwingiza vidole kinywani, akatoa nyama ya tunda yote na kokwa, huku mtoto akipiga mayowe kama anachinjwa. Rozigul alipanda ukuta kichwa wazi.

“Unamnyang'anya mtoto tonge mdomoni! Njooni mwone, jamani! Amechanganyikiwa! Amewaua viwavi, sasa anataka na wanangu!”

Watu walijaa mlangoni. Davlatyor alikuwa barazani, ametupa mgongo, anafunga kamba ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa tayari kusema. Bika alinikamata mkono kwa nguvu, vidole vyake vikiwa bado na utomvu wa tunda.

“Niache, wifi,” alisema polepole. “Mimi sina cha kuharibikiwa. Nyinyi mnacho.”

Kisha akawageukia watu akasema ndiyo, ni kweli, kichwa kinamuuma siku hizi, na mti ni wake, na atakayeugusa atavunjwa mkono.

Hivyo ndivyo wazimu ulivyoingia nyumbani kwetu. Aliualika mwenyewe.

Majira yale ya majani kupukutika tulichimba. Alitaka udongo wa juu wote uondoke, kina cha bapa la koleo, kuanzia jikoni hadi ukutani. Mimi nilichimba baada ya shule, Davlatyor baada ya trekta, hakuna aliyezungumza. Udongo ule tuliupeleka uwanda wa chumvi kusikoota kitu. Wafanyakazi walipozibua mfereji, Davlatyor alileta tope jipya na mchanga wa mto. Bika aliikunja mitini yake akaifunika, lakini mwaka ule aliwekea kila tuta mkono wake kabla ya kuondoka, na mimi nilipoyatazama yale matuta marefu uani nilishindwa kuyatazama kama mitini. Nilikuwa na mtoto ambaye daktari alisema nimwangalie mwaka mzima.

Theluji ilipoyeyuka aliifungulia bustani maji, akayaacha yazame, akafungulia tena, na tena, kuliko ilivyohitaji chumvi. Na kila asubuhi, kabla ya chai, alimshika Intizor kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama macho. Mimi nilisimama nyuma nikitazama uso wa Bika, kwa kuwa sikuthubutu kutazama wa mtoto.

“Shangazi, macho yangu yamesema nini leo?”

“Yamesema hujanawa. Nenda.”

Alipotoa jibu hilo niliweza kwenda kazini. Asubuhi alizochelewa kulitoa, nilifundisha siku nzima bila kujua nilichofundisha.

Navruz ilipopita mforosadi ulichipua. Mitini ilitoka udongoni ikiwa hai, ncha zake nyeupe kama vidole vya mtoto. Shamba liligawa mayai ya viwavi likaruka mlango wetu. Nyumba ya kijicho haipewi. Kwa hiyo Bika, ambaye hakuwa amevuka kizingiti cha Rozigul tangu siku ya aprikoti, alijifunga kilemba safi akaenda. Nilikwenda naye.

“Nipe viwavi,” alisema mlangoni. “Kiganja kimoja. Wadogo wadogo.”

Rozigul alimtazama juu mpaka chini. “Uwaue na hawa?”

“Nataka kuwalisha mforosadi wangu.”

“Kwa nini?”

Bika alinyoosha mikono mbele, kama mtu aliyekuja kuomba moto. Rozigul aliingia ndani, akakawia, akatoka na ungo wenye viwavi wachache ndani yake.

“Chukua. Wakifa, nitajua wewe ni nani.”

“Wakifa,” alisema Bika, “na mimi nitajua.”

Aliuweka ungo chumbani kwake. Mforosadi ule ulikuwa umesimama katikati ya bustani, mizizi yake chini ya kila tuta. Kama sumu ilikuwa bado imo, ingepanda humo, na viwavi wangeisema. Alikata majani, akawalisha. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa nikiamka nasikiliza, narudi kazini nasikiliza, na kila nilipofungua mlango wa ua niliushikilia mpaka sikio likamate kitu. Siku moja sikusikia kitu, nikaliita jina la Mungu pale pale njiani. Bika alichungulia. “Wanajivua ngozi, mwalimu. Pumua.”

Walikua. Wakawa wanene, weupe. Sauti yao ikawa mvua. Kisha wakaacha kula, wakainua vichwa, na mimi nikaona tena vile vichwa vya mwaka uliopita vikitikisika huku na huku, nikajifunika macho kwa shali. Nilipoyafunua, Bika alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimfika kidevuni. Walikuwa wanatafuta pa kushika. Aliwapa vijiti vikavu, wakapanda, wakasokota, na baada ya hapo ungo mzima ulikuwa umejaa vifukofuko kama mayai ya njiwa.

Aprikoti zilipoiva alikula ya kwanza yeye. Alingoja. Akala tena. Wiki ilipopita bila kitu, alimpa Intizor nusu ya tunda, akaketi mbele yake, wakatazamana hadi mtoto akamaliza na kuomba nyingine. Ndipo bakuli likaenda kwa Rozigul. Lilirudi na mkate wa moto ndani yake, kama inavyopasa, na maneno: “Tumefurahi umepona.”

Umepona. Bika alicheka sana. “Bora kupona kuliko kujieleza,” alisema, akaumega mkate.

Watoto wa Rozigul wote wamekua. Mkubwa wao ana watoto sasa. Intizor wangu ana miaka ishirini na mitatu na amesomea ukunga. Ana afya kuliko mimi. Mitini ya Bika majira haya nimeifukua mwenyewe, kwa mara ya kwanza, mforosadi ulipochipua na redio iliponyamaza. Inaishi.

Wageni wa posa waliporudi, niliwaambia haya yote niliyoandika, mbele ya kitambaa cha chakula kilichotandikwa, bila kupunguza. Shangazi wa kijana, mwanamke mwerevu, aliweka kikombe chake chini. “Basi alikuwa mtu mwema,” alisema. “Mungu amrehemu.” Halafu akaniinamia. “Na marehemu mumeo, mwalimu. Alipolipaka rangi lile pipa, alijua?”

Mgeni unayetaka akae, kwetu unammiminia chai kidogo kidogo. Nilichukua birika nikamjazia kikombe hadi ukingoni. Alielewa. Alivaa viatu.

Davlatyor alikunywa maji yale yale, kwa kata ile ile. Ameshakufa. Dada yake hakumuuliza tena maisha yake yote, na mimi sikumuuliza. Kama alinijibu bila kuulizwa, hilo ni langu. Posa ije au isije, swali hilo silijibu. Sikumjibu yule mwanamke, sitamjibu Rozigul, na sitaliandika hapa.